Bibi Elizabeth Cotten na Gitaa Lake

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Neno hili ni kweli, walakini si kweli siku zote. Maana wako waliocheza kwao miaka mingi wala wasitunzwe, hata wageni walipowasikia ndipo watu wa kwao wakafumbuliwa macho. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mmoja wa hao. Ni mama mweusi wa Marekani, aliyefanya kazi ya utumishi wa nyumbani tangu utoto mpaka uzee, naye katika vidole vyake alikuwa na ufundi wa gitaa ambao wengi wenye sifa kubwa hawakuupata. Jina lake ni Elizabeth Cotten.

Alizaliwa tarehe 5 Januari, 1893, karibu na mji wa Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina, upande wa kusini wa Marekani. Ilikuwa imepita miaka 28 tu tangu utumwa kukomeshwa katika nchi ile mwaka wa 1865. Watu weusi walikuwa huru kwa sheria, lakini wengi wao waliishi kwa kazi ngumu za shamba, na za reli, na za nyumba za Wazungu. Yeye alikuwa kitinda mimba wa watoto watano, na nyumbani hakuitwa jina lo lote ila Dada Mdogo. Siku ya kwanza alipokwenda shuleni, mwalimu akamwuliza jina lake. Naye kwa kuwa hakuwa na jina la kumtajia, akajichagulia papo hapo, akasema kwamba ni Elizabeth. Sisi walimu, ambao kila mwaka twaandika majina ya watoto katika daftari, twaweza kumwona mtoto yule amesimama mbele ya meza, hana jina, naye akajipa mwenyewe.

Kaka yake alikuwa na banjo. Chombo hiki asili yake ni Afrika. Wazee waliochukuliwa utumwani walivikumbuka vyombo vya kwao vya kibuyu na ngozi na nyuzi, wakaviunda tena ng'ambo ya bahari. Elizabeth alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, alianza kuichukua banjo ile na kujifunza peke yake, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Tena palikuwa na jambo la kumzuia: yeye alikuwa mtu wa shoto, na banjo ya kaka yake ilikuwa imefungwa nyuzi kwa mtu wa kuume. Hakuweza kuzibadili nyuzi zile, maana chombo si chake. Basi akakigeuza chombo chote, akakishika juu chini, akapiga hivyo hivyo.

Alipotimiza miaka tisa aliacha shule akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Mshahara wake ulikuwa kama dola moja kwa mwezi. Mama yake alimwekea fedha hiyo kidogo kidogo, hata ikatosha kununua gitaa lililoundwa kwa ajili ya duka la Sears, Roebuck, kwa bei ya dola 3 na senti 75. Hesabu yake ni nyepesi: karibu miezi minne ya kufagia, na kufua, na kupika, kwa gitaa moja. Mtoto aliyekinunua chombo kwa jasho namna hii hawezi kukifanya mchezo wa siku mbili.

Hapa yafaa tueleze kidogo ufundi wake, ili msomaji asidhani kwamba twamsifu kwa huruma tu. Gitaa lina nyuzi sita. Mpigaji wa kuume akilishika, nyuzi nene zenye sauti nzito zi juu, karibu na kidole gumba. Na nyuzi nyembamba zenye sauti ya juu zi chini. Kwa hiyo kidole gumba chake hupiga sauti nzito kama mwendo wa miguu, na vidole vingine huchezea wimbo wenyewe. Elizabeth, kwa kuwa aligeuza gitaa wala hakubadili nyuzi, mambo yote kwake yalikuwa kinyume. Wimbo ulipigwa na kidole gumba, na sauti nzito zikapigwa na vidole. Alicholazimishwa nacho na upungufu kikawa ndiyo namna yake mwenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa laini, yenye mwendo sawa, kana kwamba watu wawili wanapiga pamoja. Wapigaji wa siku hizi huiita namna hiyo kwa jina lake, na wengi wenye mikono ya kuume wamejitaabisha sana kuifuata.

Njia ya reli ilikuwa karibu na kwao, na usiku watoto walisikia magari ya moshi yakipita. Alipokuwa msichana mwenye miaka kumi na kidogo tu, Elizabeth alitunga wimbo juu ya gari la mizigo, uitwao Freight Train. Wimbo huu wajulikana leo katika nchi nyingi, na wanaojifunza gitaa hufundishwa mapema. Wengi wao hawajui kwamba aliyeutunga alikuwa mtoto, mtumishi wa nyumbani.

Mwaka wa 1910 au karibu na hapo aliolewa na Bwana Frank Cotten, wakapata binti mmoja, jina lake Lillie. Kazi za nyumba zikawa nyingi. Tena aliingia kwa bidii katika kanisa lake, na wazee wa kanisa wakamwonya kwamba haimpasi kupiga nyimbo za dunia. Basi akaliweka gitaa chini. Isipokuwa mara chache kanisani, hakulipiga kwa muda wa miaka 25 au zaidi.

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kanisa kama sisi, nao wanajua kwamba neno hili si geni. Katika vijiji vyetu pia gitaa limepata kuitwa chombo cha kilabuni. Hatusemi kwamba wazee wale walikuwa watu wabaya. Walikuwa wameona vijana wakipotea katika ulevi na ugomvi, na gitaa lilikuwapo hapo. Wakalihukumu gitaa pamoja na pombe. Walakini kukosa kupambanua ni kosa, hata likifanywa kwa nia njema. Kisu kimoja hukata mkate, tena huweza kumwua mtu. Wala hakuna atupaye visu vyote vya nyumba.

Na kwamba jambo hili liliweza kuonwa kwa namna nyingine, twajua kwa habari za mama mwingine wa nchi ile ile, Bibi Rosetta Tharpe, aliyezaliwa mwaka wa 1915 katika mji wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas. Mama yake alikuwa mhubiri, na kanisa lao lilikubali vyombo vya kila namna katika ibada. Mtoto huyu alipiga gitaa mikutanoni tangu udogo. Mwaka wa 1938 akaanza kutia sauti yake katika sahani za santuri mjini New York, na baadaye gitaa lake la umeme likawafunza vijana wengi waliokuja kupata sifa kuliko yeye. Naye pia hakuepuka lawama, kwa sababu aliimba habari za Mungu hata katika nyumba za starehe. Alikufa mwaka wa 1973, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe la kumtaja. Dada hawa wawili walimwamini Bwana mmoja. Mmoja akaambiwa anyamaze, mwingine akaambiwa apige. Lakini mwisho wote wawili walisahauliwa.

Sasa turudi kwa Bibi Elizabeth. Baada ya kuachana na mumewe alikaa na binti yake katika mji wa Washington. Karibu na mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa akifanya kazi katika duka moja kubwa la mji ule. Siku moja akamwona binti mdogo amepotea katika duka, akamshika mkono na kumrudisha kwa mama yake. Binti huyo alikuwa Peggy Seeger. Na mama yake, Bibi Ruth Crawford Seeger, alikuwa mtungaji wa muziki, mke wa mtaalamu wa muziki, Bwana Charles Seeger. Haukupita muda mrefu, mama yule akamwandika Elizabeth kazi nyumbani kwake.

Angalia jambo la ajabu hapa. Jamaa hii ya Seeger walikuwa wakizikusanya nyimbo za watu wa mashambani na kuziandika kwa noti, zisipotee. Nyumba nzima ilijaa nyimbo hizo na vyombo vya kuzipigia. Na jikoni mwao alikuwamo mwenye nyimbo, akipika na kupiga pasi, wala hawakujua. Hata siku moja wakamkuta ameliangua gitaa la Peggy lililotundikwa ukutani, naye anapiga. Vidole havikuwa vimesahau yote. Tangu hapo wakamwomba apige tena na tena, na nyimbo za utoto wake zikamrudia moja moja.

Baadaye Peggy alikwenda Uingereza, akauimba huko wimbo ule wa gari la mizigo. Watu wakaupenda mno. Mwaka wa 1957 Chas McDevitt na Nancy Whiskey wakautia katika sahani ya santuri, ikauzwa kwa wingi sana. Lakini majina yaliyoandikwa kuwa ndiyo ya watungaji yalikuwa ya watu wengine, si la Elizabeth Cotten. Mtoto wa North Carolina alijipa jina mbele ya mwalimu. Na sasa, ni mama mwenye miaka zaidi ya 60, wimbo wake ukapita mbele ya mataifa bila jina lake. Baadaye, kwa kusaidiwa na jamaa ya Seeger, akapata kutambuliwa kuwa ndiye aliyeutunga.

Mike Seeger, ndugu yake Peggy, ndiye aliyezinasa nyimbo zake kwa mashine nyumbani kwake mwenyewe, na mwaka wa 1958 kampuni ya Folkways ikatoa sahani yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 65. Baada ya hapo akaanza kusimama mbele ya watu, akipiga katika vyuo na mikutano mikubwa ya nyimbo. Hakuacha kutunga, wimbo wake uitwao Shake Sugaree aliutunga pamoja na vitukuu vyake, na katika sahani yenyewe aliyeimba ni kitukuu, bibi akipiga gitaa tu. Mwaka wa 1984 serikali ya Marekani ilimheshimu kuwa mmoja wa watunzaji wa urithi wa taifa. Mwaka wa 1985, akiwa na miaka 92, akapewa tuzo ya Grammy. Alikufa tarehe 29 Juni, 1987, mjini Syracuse, jimbo la New York. Na mwaka wa 2022 jina lake likaandikwa katika jumba la ukumbusho wa muziki wa roki, miaka 35 baada ya kufa kwake.

Labda msomaji atasema, Basi alitunzwa, mnalalamika nini? Twajibu: alitunzwa kwa sababu mtoto mmoja alipotea dukani. Kama Peggy asingalipotea siku ile, au kama angaliokotwa na mtu mwingine, Elizabeth Cotten angalikufa mtumishi asiyejulikana, na ufundi wake ungalizikwa pamoja naye. Sifa iliyokuja kwa bahati namna hiyo haitoshi kutufariji. Ni wangapi ambao mtoto wao hakupotea?

Wengine watatukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli kwa mgema mwenye kupenda sifa. Lakini mgema asiyesifiwa kamwe, wala asiyeulizwa jina lake, yeye huishia kuacha kugema.

Tuna neno moja la kuungama kabla ya kufunga. Tulipokuwa wanafunzi katika shule ya bweni, mpishi wetu alikuwa mzee mpole mwenye gitaa kuukuu, lililofungwa kwa waya mahali lilipopasuka. Jioni, sufuria zikiisha kuoshwa, alikaa kwenye kizingiti cha jiko akapiga. Tulimsikiliza kila siku, tukacheka, tukala chakula chake. Tulijifunza majina ya wafalme wa Ulaya na miaka ya vita vyao, wala hapana mmoja wetu aliyemwuliza yule mzee, Wimbo huu ni wa nani? Alikwisha kufa zamani. Sauti ya wimbo mmoja tungali twaikumbuka, lakini hatujui kama aliutunga yeye, wala ulihusu nini. Na jina lake kamili hatukulijua kamwe.

Basi, wasomaji wapendwa, tusingoje wageni. Katika kijiji chako yuko mwenye zeze, au marimba, au gitaa, ambaye kazi yake ya mchana ni kulima au kulinda mlango wa mtu. Jioni hii mwendee, kaa karibu naye, mwulize jina lake na jina la aliyemfundisha, kisha uyaandike.