Mahitaji Yasiyo na Wahitaji

Wataalamu wa usafiri wana istilahi wanayoipenda: mahitaji ya usafiri. Siku hizi wanayapima kwa kadi. Abiria anagusisha kadi kwenye mashine, mashine inaandika namba ya kadi, saa, kituo na nauli iliyokatwa. Zikikusanywa rekodi za mwezi mzima, aliyeko ofisini Dar es Salaam anajua kituoni Kimara kunajaa saa ngapi asubuhi na kituoni Gerezani kunafurika saa ngapi jioni.

Mitaa ya Dar es Salaam ina desturi ya kujichagulia istilahi. Mradi ulioanza kubeba abiria Mei 2016 uliitwa rasmi Mabasi Yaendayo Haraka. Watu wakasema "mwendokasi", neno ambalo hadi hapo lilikuwa kosa la barabarani, na ndilo lililobaki. "Kadi janja", jina la kadi hizi za nauli, nalo ni ndugu wa simujanja, sina ugomvi nalo, ingawa mjanja kwetu ni mtu wa kuangaliwa mara mbili. Ujanja wenyewe uko kwa anayezisoma rekodi. London wanatumia kadi ya Oyster tangu 2003, na kwenye mabasi abiria huigusisha anapopanda tu. Aliposhukia hapaandikwi. Wachambuzi hukisia: pale alipogusisha tena, basi alishukia jirani na hapo; na safari ya mwisho ya siku huhesabiwa kuwa imemrudisha alikoanzia. Mwishowe hupatikana jedwali kubwa la safari zilikoanzia na zilikoishia. Ukiliita "asili na hatima" unakuwa umeingia kwenye mahubiri. Mimi naliita jedwali la watokako na waendako, maana ndilo swali la kila konda.

Sasa twende Igogwe, wilayani Rungwe. Huku nauli inapita mkononi. Bodaboda akipata abiria anasema kapata kichwa, na jioni dereva wa Noah ya abiria anampelekea tajiri, mwenye gari, "hesabu". Neno zuri, lakini hesabu hiyo ni fedha tupu. Haisemi nani alipanda Kiwira na nani alishuka Tukuyu, wala haitenganishi nauli ya mtu na ya mkungu wake wa ndizi.

Asubuhi ya ukungu mama anasimama kando ya barabara, mtoto mgonjwa mgongoni, anataka kufika Hospitali ya Igogwe. Noah inapita imeshona, konda ananing'inia mlangoni. Ya pili haipunguzi hata mwendo. Bodaboda anataja bei. Mama anatikisa kichwa, anakaza kanga, anaanza kutembea.

Tuseme kesho kila gari la njia hii linafungwa mashine ya kadi. Mama huyu ataonekana wapi? Hatakuwemo. Mashine itaandika waliopanda, na ripoti itasema mahitaji ya asubuhi ni madogo, magari yaliyopo yanatosha. Kumbe ni madogo kwa sababu magari ni machache.

Hapa Kiswahili kinawaumbua wanauchumi. Kwao, mahitaji ni ya mtu anayetaka kitu na ana fedha ya kukilipia. Lakini muulize yeyote sokoni mhitaji ni nani: atakuambia ni yule asiyekuwa nacho, anayestahili kusaidiwa. Kwa istilahi yao basi, mhitaji ndiye asiyehesabiwa kwenye mahitaji. Hilo si kosa la kadi. Kadi inasema kweli kuhusu waliolipa, na kwa kupanga ratiba ya mwendokasi ukweli huo una thamani kubwa kuliko makadirio ya mezani. Kosa ni kuupa ukweli huo jina pana kuliko ulivyo.

Kwa hiyo nawaomba mnaoandika ripoti hizi kwa Kiswahili: idadi inayotoka kwenye kadi iiteni safari zilizolipiwa. Neno mahitaji liwekeni akiba mpaka mtakapowauliza na walioachwa barabarani.