Pafu la Mbwa: Historia ya Tegu Linalowaandama Wafugaji

Mbwa wa machinjioni hawahitaji saa. Ng'ombe anapoangushwa alfajiri, wao huwa wamekaa kitambo, wakingoja chao. Mkaguzi wa nyama akipitisha kisu kwenye pafu, mara nyingine kisu hukwama kwenye fuko jeupe, gumu, lenye ukubwa wa yai au hata wa ngumi. Akilitoboa, maji maangavu huruka. Pafu hilo hutakiwa kutupwa shimoni. Lakini mbuzi anayechinjwa bomani chini ya mgunga hana mkaguzi. Mwenye kisu akiona pafu limeharibika hulirusha pembeni, na mbwa hulidaka kabla halijagusa vumbi.

Mjini Illasit, chini ya Kilimanjaro, kwenye barabara ya kutoka Loitokitok kwenda Taveta, kitendo hicho ni cha kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayegeuza kichwa. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka wa 1886 uliigawa nchi ya Wamasai sehemu mbili, lakini mifugo bado huvuka, na mbwa huifuata nyuma.

Fuko lile ni mtoto wa tegu. Tegu lenyewe huishi kwenye utumbo wa mbwa, nalo ni dogo ajabu, halizidi milimita 7. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kubaki kwenye majani, majini, na kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo huyala malishoni. Mtu huyameza kwa mkono uliompapasa mbwa ukaenda mdomoni bila kunawa, au kwa maji ya kidimbwi. Yakishaanguliwa tumboni, kiluwiluwi hupenya hadi kwenye damu na kutua kwenye ini, mara nyingi, au kwenye mapafu. Hapo huanza kujenga fuko la maji, polepole sana. Mtu anaweza kulibeba miaka kumi bila kujua, mpaka tumbo lichomoze au kifua kibane. Ndiyo maana wataalamu huuita ugonjwa huu hidatidi, kutokana na neno la Kigiriki linalohusu lengelenge la maji.

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kwamba fuko la kondoo na tegu la mbwa ni kiumbe kimoja. Miaka ya 1850 Mjerumani Carl von Siebold aliwalisha mbwa mafuko hayo, kisha akawapasua na kuyakuta mategu tumboni. Mwaka wa 1863 Harald Krabbe wa Denmaki alikwenda Aislandi, kisiwa cha wafugaji wa kondoo kilichokuwa kikiteseka kuliko nchi nyingine za Ulaya. Alipasua mbwa 100 na kukuta 28 wana tegu hilo. Aliandika kijitabu chepesi kilichogawiwa bure kwa kila nyumba: chinja mbali na mbwa, choma au zika mafuko. Mwaka wa 1869 sheria ya kudhibiti mbwa ikafuata. Baada ya vizazi vichache, ugonjwa ukatoweka. Hapakuwa na chanjo wala dawa ya maana. Palikuwa na maarifa yaliyofika jikoni.

Hapa Kenya, ripoti za wagonjwa zilianza kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka wa 1963 George Nelson na Robert Rausch wakaeleza jinsi tegu linavyozunguka kati ya mbwa, mifugo na wanyamapori. Macho yakaelekea Turkana. Kaskazini-magharibi mwa eneo hilo, wagonjwa wapya walikadiriwa kufikia 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyojulikana duniani. Maji ni ya shida kule, na mbwa alikuwa yaya: alimlamba mtoto mchanga akishajisaidia.

Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka wa 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, lilianzisha mradi wa kupambana na hidatidi Turkana mwaka wa 1983. Wagonjwa walipasuliwa, mbwa wakapewa dawa ya praziquantel kila wiki 6, wa kuzurura wakapunguzwa, na wafugaji wakaelimishwa. Wiki 6 si nambari ya kubahatisha: ndiyo muda wa tegu jipya kukomaa na kuanza kutaga. Watafiti wake walibeba mashine ndogo za kupiga picha kwa mawimbi ya sauti hadi maboma ya mbali, wakaona mafuko kwenye matumbo ya watu waliodhani ni wazima. Wagonjwa wengine walipata afueni bila kisu kikubwa: sindano hunyonya maji, dawa huingizwa, kisha hunyonywa tena. Kupasua kuna hatari yake, kwani fuko likipasuka tumboni mbegu humwagika na kuota upya.

Picha kama hizo, zilipopigwa kwa Wamasai, zilionyesha kwamba nao wamo, ingawa si kwa kiwango cha Waturkana. Mdharau mwiba mguu huota tende. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, uliofanywa kwenye machinjio ya nchi ya Wamasai upande wa Kenya, ulikuta mafuko kwa takriban ng'ombe 1 kati ya kila 4 waliochunguzwa. Nyama inalindwa kwa mhuri, lakini kinachoanguka chini ya kamba ya kuning'inizia nyama hakina mlinzi.

Kwa mfugaji wa Illasit, kinga haina gharama ya kutisha: dawa ya minyoo kwa mbwa wake mara kwa mara, maji na sabuni kabla ya kula, na shimo refu lenye kifuniko pale anapochinjia. Tegu halirithiwi na mbwa; kila mbwa huambukizwa upya kwa kulishwa fuko. Na halidumu, kwa kawaida hufa ndani ya miaka miwili hivi. Mbwa asiyetupiwa pafu jingine atajisafisha mwenyewe, huku akiendelea kulinda boma.