Derema: Mahame ya Kahawa Ndani ya Msitu wa Usambara

Ukitoka Muheza kwenda Amani, barabara inapita kwanza kwenye michungwa na minazi, kisha inaingia bonde la mto Sigi na kuanza kujikunja kupanda mlima. Getini mwa hifadhi ya Amani, pale Sigi, wageni hupokelewa kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Ukiuliza treni ilikuwa inapita wapi, utaoneshwa miti. Reli hiyo nyembamba, yenye upana wa sentimita 75 tu, ilichepuka kutoka Tengeni kwenye njia kuu ya Tanga na kwenda kilomita zipatazo 23 hadi hapa. Ilijengwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, ishushe magogo ya msituni na mazao ya mashamba ya juu. Magogo tunayajua, maana milima ya Tanga haijawahi kukosa wapasua mbao. Mashamba ndiyo yaliyosahaulika, na la kwanza kati yao lilikuwa Derema.

Mgeni anayetembezwa Amani huambiwa kwamba yuko ndani ya msitu wa kale, na si uongo. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine duniani. Ila msitu huo haukukaa tu ukisubiri watalii. Mabonde na migongo mingi kati ya Amani, Monga, Kwamkoro na Bulwa ilifyekwa, ikachomwa, ikapandwa mibuni, ikaachwa, ikaota upya. Anayeona miti mirefu na kudhani hajawahi kutangulia mtu hapo, anatazama mahame bila kujua.

Derema ilianzishwa mwaka 1891 na kampuni ya Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ileile iliyotangulia kuleta bendera ya Kijerumani pwani. Mvumbuzi Oscar Baumann alikuwa ameipita milima hii muda mfupi kabla, akarudi Ulaya na habari za nchi ya baridi, maji tele na miti mikubwa. Wakati huo sehemu hii ikiitwa Handei, ikiwa na Wasambaa na Wabondei waliolima pembezoni mwa msitu na kuvuna ndani yake dawa, asali na miti ya kujengea. Mwaka 1895 serikali ya kikoloni ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Konde lililopumzishwa likahesabiwa pori, na pori likawa la serikali kugawa. Kampuni zikamiminika. Kufikia mwisho wa karne mashamba yalikuwa yamepangana mlimani: Derema, Ngwelo, Bulwa, Kwamkoro, Ngambo, Monga. Huko Berlin na Cologne watu walinunua hisa za kahawa ya Usambara bila kujua Usambara iko wapi.

Walichokisoma wawekezaji hao kilikuwa miti. Mtambaa au mvule unaopanda mita 40 bila kupinda ulitosha kuwaaminisha kwamba udongo unaoubeba hauwezi kuchoka. Kumbe utajiri ulikuwa juu ya ardhi. Kwa mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, udongo mwekundu wa Amani umeoshwa tangu enzi na enzi, umebaki na asidi nyingi na chakula kidogo cha mimea. Kinachoulisha msitu ni mzunguko: jani linaanguka, linaoza, mizizi ya juujuu inakinyakua chakula kabla mvua haijakifagia, kinarudi kuwa jani. Kata miti, choma matawi, na mzunguko umekatika. Majivu yatakupa mavuno mawili matatu ya kujivunia. Baada ya hapo mibuni inaanza kuwa ya njano, bungua anaingia shinani, kutu inashika majani, na mteremko unaanza kuteremka wenyewe kila masika.

Ndivyo ilivyokuwa. Kana kwamba hayo hayatoshi, Brazil ilijaza soko la dunia mwishoni mwa miaka ya 1890 na bei ikaporomoka. Kampuni zilizoahidi faida zikaanza kuunganishwa, kuuzwa au kuhamia nyanda za chini kutafuta zao lingine. Maelezo kamili ya kilichotokea yalichelewa hadi miaka ya 1930, pale Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, alipoandika kwa mapana juu ya udongo wa Usambara Mashariki na kilimo cha mashamba makubwa. Milne anakumbukwa duniani kwa namna yake ya kuuelewa udongo kwa kuufuata kutoka kileleni mwa kilima hadi bondeni. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba mtu aliyeishi katikati ya miteremko iliyowafilisi wenzake ndiye aliyeuelewa udongo hivyo.

Lakini kahawa haikupandwa na kampuni. Ilipandwa na watu, na hapo ndipo historia ya mashamba haya inapokuwa na shimo kubwa. Wenyeji hawakuwa na haja ya kazi ya mzungu: walikuwa na migomba, mahindi na mbuzi. Derema ilijaribu kwanza kuleta Wachina na Wajava kwa meli kutoka Mashariki ya Mbali; wengi waliugua, wengine waliasi masharti, na jaribio likaisha haraka. Baadaye wakaja Wanyamwezi na Wasukuma, watu waliozoea safari ndefu za upagazi, wakajenga vibanda karibu na mashamba na baadhi wasirudi kwao tena.

Kazi ilipimwa kwa kipande. Kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza sehemu yake nyapara aliiwekea alama. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa, si mwezi ulipoisha. Aliyeugua, aliyefiwa, aliyeambiwa kwamba jembe lake halikufika mwisho wa mstari, siku yake haikuhesabiwa, na kadi ya siku 30 iliweza kumchukua miezi miwili au zaidi. Upande wa pili wa milima, wilaya ya Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, serikali ilikwenda mbali zaidi: kila mwanamume alitakiwa awe na kadi ya kuonesha kwamba ametumikia shamba la mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo alipelekwa kwenye kazi za serikali. Kadi hiyo iliwafuata wafanyakazi wa Tanganyika hadi zama za Waingereza na za mkonge, na neno kipande likabaki midomoni mwa wazee muda mrefu baada ya karatasi zenyewe kuoza.

Leo nyumba za mabosi zinaweza kuoneshwa. Zilijengwa kwa mawe na saruji, na zile zilizodumu zina paa, zina mlezi, zina kibao. Kambi za vibarua zilijengwa kwa miti, udongo na majani ya migomba. Mvua mbili tatu zilitosha. Ukitaka kujua zilipokuwa, tazama mimea: mwembe usio na sababu ya kuwa kwenye mwinuko ule, kichaka cha migomba kisicho na mwenyewe, mibuni iliyokonda ikitafuta mwanga chini ya kivuli na kuzaa tunda moja moja.  Sijasikia hata njia moja ya hifadhi yenye jina la kambi.

Mwaka 1902, wakati kahawa ikiwa taabani, serikali ya Kijerumani ilifungua Amani kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia, mwanzo chini ya Franz Stuhlmann, baadaye Albrecht Zimmermann. Lengo lilikuwa kutafuta kitakachoota pale kahawa iliposhindwa. Wakapanda kila kilichoweza kuletwa kwa meli: mikwinini, mikafuri, midalasini, mikarafuu, mipira ya aina kadhaa, michikichi, miti ya mbao ya Asia na Amerika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoikata koloni na Ulaya, maabara ya Amani ilitengeneza kwinini, sabuni, mishumaa na vitu vya mpira kwa ajili ya jeshi. Waingereza walipoiteka mwaka 1916, walikuta bustani kubwa ambayo hawakujua waifanyie nini, wakaiacha ikaota. Tume iliyotumwa Afrika Mashariki mwaka 1924 ilisikitishwa na hali iliyoikuta, na kituo kikafufuliwa mwishoni mwa muongo huo.

Mashamba nayo yalitaifishwa kama mali ya adui na kuuzwa. Baadhi yakapata chai, zao linaloipenda asidi ileile iliyoiua kahawa, na ndiyo maana hadi leo Kwamkoro na Bulwa unaona zulia la chai likiishia ghafla kwenye ukuta wa msitu. Palipokuwa na mteremko mkali au udongo uliochoka mno hapakurudi mtu.

Bustani ndiyo iliyoingia msituni. Zaidi ya aina 200 za mimea ya kigeni iliyopandwa Amani bado zinaishi, na kadhaa zimevuka mipaka yake zenyewe. Msizi ndio unaoonekana zaidi. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati hadi ukanda wa Ziwa Victoria, na jina lake la kitaalamu, *Maesopsis eminii*, linamkumbuka Emin Pasha. Uliletwa Amani karibu na mwaka 1913, ukakaa kimya miongo kadhaa, kisha ukapandwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970 kujaza mapengo ya miti iliyovunwa Kwamkoro. Uvunaji wa mashine ulipoongezeka, hadi ulipositishwa miaka ya 1980, mapengo yakawa mengi kuliko wapandaji. Hapo hondohondo akachukua kazi. Ndege huyu mwenye mdomo wenye kofia hula tunda la msizi zima zima, huruka hadi bonde la tatu, na hutema mbegu mahali ambapo mwanga umefika chini. Msizi hauvumilii kivuli, lakini penye uwazi hakuna mti wa kienyeji unaoweza kushindana nao kwa kasi. Misitu mingine inayoonekana imerudi vizuri mahali pa mashamba ya zamani ni misizi kwa sehemu kubwa. Wahifadhi wamebishana juu yake kwa miaka: adui, au mti wa mpito utakaowapisha wenyeji? Mimi naona si haki kuutupia lawama mti kwa kazi ya shoka.

Mkimbizi mwingine kutoka mashambani yuko sufuriani. Wajerumani walipohama kahawa, wengi walikimbilia mpira wa Ceará kwenye nyanda za Muheza na Tanga, mpaka mpira wa Malaya ulipoangusha bei mwaka 1913. Mashamba yakaachwa, miti ikajiotea mipakani na nyuma ya nyumba. Mti huo ni ndugu wa muhogo, na majani yake ndiyo kisamvu cha mpira, kile kinachotwangwa kinuni na kupikwa kwa tui la nazi. Undugu huo ulikuwa na faida kubwa zaidi. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols, wakiwa Amani, walihangaika na ugonjwa wa batobato uliokuwa ikimaliza mihogo ya Afrika Mashariki.  Wakachanganya muhogo na mpira wa Ceará, wakaurudisha mchanganyiko kwa muhogo mara kadhaa hadi ukapata mizizi inayolika na ukaidi wa mpira dhidi ya ugonjwa. Mbegu zilipelekwa Nigeria, na kutoka huko zikazaa aina zilizosambazwa karibu bara zima. Kituo chenyewe kilihamishiwa Muguga, Kenya, baada ya Vita Kuu ya Pili, na majengo ya Amani yakageuzwa ya utafiti wa malaria.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380, ndani yake bustani ya Wajerumani na vipande vya msitu vilivyokuwa vya kampuni za chai. Upande wa kaskazini kulibaki ukanda unaounganisha misitu miwili, nao uliitwa Derema, kwa jina lilelile la shamba la kwanza. Safari hii waliolima humo walikuwa wanakijiji, wengine wajukuu wa vibarua wa chai, wakilima iliki chini ya miti mikubwa iliyobaki. Iliki inahitaji kivuli, kwa hiyo haikufyeka msitu wote. Hata hivyo ilifyeka miche ya chini, na msitu usio na watoto unakufa bila kuangushwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliamua kuufunga ukanda huo, hekta karibu 960. Zaidi ya wakulima 1,000 walihesabiwa, shina kwa shina: iliki, karafuu, mdalasini, migomba. Kilichofidiwa kilikuwa mazao, si ardhi, na malipo yalichukua miaka. Wengi walilalamika kwamba shina la iliki lililipwa kana kwamba lingezaa mara moja tu. Sasa iliki yao imebaki humo ikizaa bila mvunaji, na miche ya miti inapanda katikati yake.

Fidia ya ardhi ilikuja kwa njia nyingine. Baadhi ya wakulima hao walitengewa maeneo Kibaranga, chini kabisa ya mlima, kwenye shamba la zamani la mkonge lililokuwa limeachwa. Huko ni joto, na mvua ni chache kuliko Amani. Muhogo unastawi, mahindi yanapatikana mwaka mzuri, michungwa inaweza kujaribiwa. Iliki haioti.