Usalama wa Kamenge

Mwezi Juni 1995 jeshi la Burundi liliingia Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, kuwasaka wapiganaji wenye silaha. Wakazi, wengi wao Wahutu, waliyahama makazi yao. Uhuru wa raia ulitolewa kafara kwa jina la usalama. Je, usalama ulipatikana? La hasha! Vita viliendelea kwa miaka mingi.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uligusa kiini cha tatizo: kabila moja lisizidi nusu ya jeshi.

Serikali ina haki ya kumsaka mwenye bunduki. Haina haki ya kumfanya jirani yake adui. Raia anayemwogopa askari hatamwonyesha alipojificha mhalifu.