Wembe Kabla ya Kujifungua: Historia ya Tendo Moja kutoka Pumwani hadi Njiru

Kiswahili kina neno lake la nywele zinazoota kinenani, nalo ni mavuzi. Neno hili ni la kale na limo katika makamusi, walakini ni nadra kutamkwa mbele ya watu. Mahali pake huwekwa "nywele za siri", au "usafi" peke yake, neno ambalo laweza kubeba jambo lolote. Kwa hiyo swali ambalo mja mzito wa mimba ya kwanza hulizungusha moyoni kwa majuma mengi, yaani kama ni lazima anyoe kabla ya kwenda kuzaa, aghalabu huulizwa kwa mafumbo na kujibiwa kwa mafumbo. Tendo lenyewe lina historia, na katika Nairobi historia hiyo ilikuja kwa njia mbili ambazo zilikutana Pumwani.

Njia ya kwanza ni ya dini na mila za pwani. Kunyoa mavuzi ni miongoni mwa suna za fitra katika Uislamu, pamoja na kukata kucha na kunyoa kwapa, na Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Muslim inaweka kikomo cha siku arobaini. Tahara hiyo haikufungwa na uzazi. Mwanamke aliifanya kabla ya kuolewa, akaendelea nayo katika ndoa, na mimba ilimkuta nayo. Tena sheria ya stara ilimlinda: hata mwanamke mwenziwe hana ruhusa ya kutazama baina ya kitovu na magoti yake isipokuwa kwa dharura, kama ile ya mkunga. Basi wembe ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, au mwa mumewe tumbo lilipomzuia kuona. Kitenzi cha hali hiyo ni kujinyoa. Waswahili na Waislamu wengine waliojenga Pangani na Pumwani, ambao kati yao walikuwamo wanawake wengi wenye nyumba zao, walikuja na desturi hiyo katika mji uliokuwa bado mchanga.

Njia ya pili ilitoka katika hospitali za Ulaya na Marekani. Homa ya uzazi iliwaua wanawake wengi katika wodi za karne ya 19, na baada ya Semmelweis kuonyesha huko Vienna mwaka 1847 kwamba mikono ya madaktari wenyewe ndiyo iliyobeba maradhi, usafi ukawa amri. Jambo la ajabu ni kwamba amri hiyo haikuishia kwenye mikono ya daktari, bali ilihamia kwenye mwili wa mama. Nywele zake zikashukiwa kuwa maficho ya vijidudu, na wembe ukawa sehemu ya "matayarisho" pamoja na maji ya kusafishia tumbo. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, ilizaliwa katika zama za itikadi hiyo. Katika itikadi hiyo mama hakujinyoa, alinyolewa. Mnyambuliko huu mmoja wa kitenzi unabeba mabadiliko makubwa kuliko yanavyoelezwa katika vitabu vingi vya utabibu. Jambo ambalo stara iliruhusu kwa dharura tu sasa lilikuwa kazi ya kila siku, tena mikononi mwa mtu asiyemjua mama hata kwa jina.

Isidhaniwe kwamba kila aliyeingia wodini alitoka katika mila ya pwani. Miongoni mwa Wagikuyu, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938, wembe wa uzazi ulikuwa wa kichwani, nao ulikuja baada ya kujifungua, siku za mama kutengwa zilipokwisha. Kwa mwanamke wa asili hiyo, kunyolewa kinenani kabla ya mtoto kutoka hakukuwa tahara wala kumaliza kutengwa. Ilikuwa amri tu ya wenye nguo nyeupe.

Na amri hiyo ilikuwa na msingi dhaifu tangu mapema. Mwaka 1922, miaka minne kabla ya Pumwani kuanza kupokea wazazi, Johnston na Sidall walichapisha Marekani uchunguzi uliolinganisha wanawake walionyolewa na wasionyolewa, wala hawakuona kwamba wembe uliwakinga wazazi na homa. Kinyume chake, wembe huacha mikwaruzo midogo, na mikwaruzo ndiyo mlango wa vijidudu, mbali na mwasho nywele zinapoota upya. Hata hivyo desturi iliendelea kwa miongo. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliiweka kunyoa kwa kawaida katika kundi la matendo yenye madhara au yasiyofaa ambayo yapaswa kuachwa. Mwaka 2018 likarudia kwamba halipendekezi. Tathmini ya majaribio matatu yaliyohusu wanawake 1,039 haikuona faida.

Njiru imekua katika zama hizi za baadaye. Kandokando ya barabara ya Kangundo, penye machimbo ya mawe na mashamba, pamejaa nyumba za kupanga. Kaunti-ndogo yenye jina hilo ilihesabiwa watu 626,482 katika sensa ya 2019. Mja mzito wa hapo aweza kwenda Pumwani, au hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyo karibu zaidi, au zahanati ya mtaani. Kitaalamu, hakuna anayepaswa kumnyoa. Kitenzi kimerudi kuwa kujinyoa, lakini maana yake si ile ya kwanza. Asiye na faradhi ya tahara hunyoa kwa kuwa anaogopa kuonekana mchafu, na hofu hiyo ni mabaki ya amri ambayo wenyewe wameifuta. Wembe nao unachanganya: umo katika kifurushi cha kuzalia safi, ambamo kazi yake ni kukata kitovu cha mtoto, na si ajabu auonaye akadhani umewekwa kwa ajili yake.

Kuhusu rangi ya kucha, jambo ni jepesi: huondolewa kwa sababu muuguzi hutazama kucha ili ajue kama damu ina hewa ya kutosha. Nywele za kichwani zikisukwa mapema hakuna wa kuzilalamikia. Kwa mama atakayepasuliwa, mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2016 unasema nywele ziachwe zilivyo, na zikilazimu kuondolewa zikatwe kwa mashine kama ya kinyozi, si kwa wembe. Na anayejinyoa nyumbani usiku wa kuamkia siku ya upasuaji huwa ameitayarisha ngozi yake kwa maradhi.