Kushindilia, Kukoki, Kufyatua

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya bunduki, na kila kimoja kimebeba kazi ya mkono. Kushindilia ni neno la gobore: mwindaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akafuatisha kitambaa na gololi, kisha akavisukuma mpaka chini kwa ufito, kama mtu anayeshindilia udongo wa sakafu. Kukoki tumelichukua kwa Waingereza pamoja na bunduki zao za kisasa, na kila anayelisikia anajua kuna kitu kimevutwa kikalia. Kufyatua ni la zamani kuliko bunduki yenyewe, ni neno la mtego: kijiti kilichopindwa kinaachiliwa, kilichobanwa kinaruka. Sasa mpe kijana yeyote kibodi mbele ya gemu la vita, umuulize bunduki inajazwaje. Atakuonyesha herufi R. Kazi yote ya kushindilia na kukoki imeingia kwenye kitufe kimoja. Dai langu ni kwamba historia ya bunduki ndani ya gemu za video, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mkono kuondolewa. Na kwamba gemu dogo la mwaka 2012 liitwalo Receiver lilifanya jambo zito kuliko umbo lake lilipourudisha mkono huo. Halikuleta bunduki inayopendeza zaidi kuitazama. Lilileta bunduki ambayo mwenye nayo anaweza kuikosea.

Kazi ya mkono juu ya bunduki ina kumbukumbu ndefu kwenye karatasi. Mwaka 1607, mjini The Hague, mchoraji Jacob de Gheyn alichapisha kitabu cha mazoezi ya silaha kwa ajili ya jeshi la Uholanzi lililokuwa chini ya Maurits wa Nassau. Kina picha 117: 42 za askari wa bunduki nyepesi, 43 za askari wa musketi na 32 za askari wa mkuki mrefu. Hesabu hiyo yenyewe ni hoja. Mkuki unaua vizuri tu, lakini hauna siri ndani. Ndiyo maana picha zake ni chache. Musketi ilikuwa na baruti ya kumimina, kisahani cha kuwashia, risasi ya kusukuma, na juu ya yote utambi unaowaka, ulioshikwa baina ya vidole vya mtu yuleyule aliyejifunga vichupa vya baruti kifuani. Ukitazama michoro hiyo kwa makini utaona kwamba adui hayumo. Yumo askari mmoja, anapuliza majivu kwenye utambi, anafunika kisahani, anakung'uta baruti iliyomwagika. Mpangilio wa hatua haukuwekwa kwa ajili ya gwaride peke yake. Anayeruka hatua hulipuka yeye, pengine na jirani yake.

Gemu za kwanza za kupiga risasi kwa jicho la mchezaji hazikuwa na haja na hayo. Katika Wolfenstein 3D ya 1992 risasi ni namba chini ya skrini, na Doom ya 1993 ilifuata njia hiyo: bunduki hupiga mpaka namba ifike sifuri, bila magazini wala kujaza. Doom II, mwaka mmoja baadaye, ilileta bunduki ya mitutu miwili ambayo baada ya kila mlipuko hufunguliwa, hutiwa risasi mbili na kufungwa, yote yakionekana wazi. Mchezaji hana sehemu katika kitendo hicho, anakitazama na kungoja kiishe. GoldenEye 007 ya 1997 ilikuwa na kujaza, ila bunduki inashuka chini ya skrini, mlio wa chuma unasikika, inapanda tena imejaa, na kilichotendeka huko chini ni siri ya mashine. Half-Life ya 1998 iliuzoesha ulimwengu wa kompyuta ile herufi R, pamoja na muujiza ambao wachezaji wameuzoea kiasi cha kutouona: unaitoa magazini ikiwa bado na risasi kadhaa, unapachika nyingine iliyojaa, na zile risasi zilizobaki zinarudi zenyewe kwenye akiba, moja haipotei. Tangu hapo michoro imeboreka kila mwaka. Leo utaona mikwaruzo kwenye chuma na jasho kwenye kidole. Mkono unaonekana vizuri kuliko wakati wowote, ila si wa mchezaji. Ni sinema fupi anayorushiwa kila akibonyeza.

Atasema mtu kwamba natia chumvi, kwa kuwa wako waliolishughulikia jambo hili mapema, na ana haki ya kusema. Katika mabanda ya gemu za sarafu, Virtua Cop ya mwaka 1994 ilimtaka mchezaji aielekeze bastola ya plastiki nje ya skrini ndipo ijae. Kitendo cha kubuni, lakini cha mwili. Operation Flashpoint, iliyotoka Jamhuri ya Cheki mwaka 2001, ilihesabu magazini kwa magazini, na iliyotolewa nusu ilibaki nusu. America's Army, gemu la bure la jeshi la Marekani la mwaka 2002, liliruhusu bunduki ikwame na kumpa mchezaji kitufe cha kuikwamua. Aliyekaribia zaidi, kwa maoni yangu, ni Red Orchestra, iliyoanza kama kazi ya mashabiki juu ya Unreal Tournament na kuuzwa madukani mwaka 2006: mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono hakuoneshwa idadi ya risasi, na baada ya kupiga alitakiwa kubonyeza tena ili akoki. Ule mbonyezo wa pili ni mdogo sana, na una maana kubwa: unatenganisha kupiga na kuwa tayari kupiga. Hata hivyo wote hawa waliongeza gharama juu ya kitufe kilekile. Bunduki ya America's Army ikikwama, kitufe kimoja kinaponya kila ugonjwa. Hakuna anayelazimika kujua kilichokwama ni nini.

Receiver ilizaliwa katika shindano la kutengeneza gemu la risasi kwa siku 7, Juni 2012, mikononi mwa kikundi kidogo cha Marekani, Wolfire Games, kikiongozwa na David Rosen. Jina lenyewe ni fumbo lenye pande mbili, kwa kuwa kwa mafundi wa silaha ndilo jina la kiunzi kinachobeba mitambo ya ndani ya bunduki, na ndani ya gemu ndilo jina la mchezaji anayepokea ujumbe. Anajikuta katika jengo lenye vyumba na ngazi, anatafuta kanda 11 za sauti, na anaviziwa na mashine tu: bunduki zilizosimikwa sakafuni na vyombo vidogo vinavyoruka na kupiga shoti ya umeme. Risasi moja inatosha kumuua, na akifa anaanza upya. Mkononi anapewa bastola asiyoijua hali yake. Kama ni M1911, mojawapo ya bastola tatu za gemu hilo, inabidi aitoe magazini kwa kitufe chake ili aone zimo ngapi. Akitaka kuijaza, aiweke bastola kando mkono upate nafasi, aingize risasi moja moja, kila moja kwa mbonyezo wake. Apachike magazini. Avute slaidi ili risasi ya kwanza ipande chemba. Na kama tayari ilikuwamo, amekwishairusha sakafuni risasi nzima isiyo na kosa, na sasa ainame kuitafuta. Bado kuna loki ya usalama. Bado kuna nyundo. Mashine ya umeme imekwisha kumgundua, taa yake inageuka nyekundu, naye anavuta triga na kusikia mlio mdogo tu, kwa sababu hatua moja kati ya hizo alidhani ameifanya.

Uzito wote uko katika neno hilo, alidhani. Gemu nyingine hukuambia hali ya bunduki yako kwa namba kwenye kona ya skrini, 7 kati ya 21, na namba haidanganyi. Receiver haina namba. Bastola ina hali yake, ipo kweli ndani ya programu: chemba ina risasi, ina ganda tupu, au haina kitu, nyundo imeinuka au imelala, slaidi imefungwa au imebaki nyuma. Mchezaji ana dhana tu juu ya hali hiyo, na kazi yake ni kuhakikisha dhana na hali havitofautiani. Ndiyo maana uhalisia wake haukuhitaji michoro ya fahari. Kuta za Receiver ni za kawaida kabisa, mikono ya mchezaji haichorwi hata kidogo, bastola inaelea hewani peke yake. Inachekesha: gemu lililorudisha kazi ya mkono halina mkono ndani yake.

Tena silaha tatu zilizowekwa humo zimekuwa somo la historia. Smith & Wesson Model 10 ukoo wake unaanzia mwaka 1899: risasi sita kwenye silinda, unaifungua ubavuni, unamwaga maganda, unatia moja moja, na kwa jicho tu unajua ulipo. M1911, kazi ya John Browning iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, imeficha risasi zake kwenye mpini na kuongeza loki juu ya loki ili kufidia kile kilichofichwa. Glock 17 ya Austria, ya miaka ya themanini mwanzoni, ina risasi 17 na haina loki ya nje ya kufunga kwa kidole gumba. Ulinzi wake uko ndani, pamoja na triga. Anayezicheza kwa zamu anahisi, bila kuhubiriwa, jinsi kazi ilivyohama kutoka mkononi kwenda ndani ya chuma kwa muda wa miaka themanini na kitu, na kila ilipohama kuna kitu ambacho mtumiaji aliacha kukiona.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kubonyeza kitufe si kushika risasi. Vidole havipati ubaridi, mkono haupati uzito, bega halipati teke. Ni kweli, na hata picha za de Gheyn hazikuwa na harufu ya baruti. Zilichoweza kubeba ni mfuatano wa hatua, na mfuatano ndio kibodi pia inaweza kuubeba. Walioitaka mikono yenyewe waliipata baadaye, miwani ya uhalisia pepe ilipoingia sokoni. Mwaka 2016 ilianza kuuzwa Hot Dogs, Horseshoes & Hand Grenades, ambayo mbunifu wake mkuu, kwa bahati ya jina, ni Anton Hand. Humo unashika magazini kwa kiganja, unaipachika, unavuta slaidi kwa mkono wa pili, na silaha ni nyingi ajabu, kila moja na tabia zake. Wanaopigwa risasi humo ni soseji. Soseji zenye kofia, zinazotembea na kupiga kelele. Hili si la kupita kwa kicheko tu: gemu mbili ambazo pengine zimeichunguza bastola kwa ukaribu kuliko nyingine zote hazina binadamu wa kulengwa, kama vile kitabu cha 1607 kilivyokosa adui. Nadhani sababu ni ile ile. Akili iliyojaa mashaka juu ya kilichomo chemba haina nafasi ya kumfurahia anayeanguka.

Kuna watakaoona hapa darasa la wahalifu, kwamba gemu linamfundisha mtoto kukoki bastola. Hofu hiyo siipuuzi, na sitaficha kwamba upo upenzi wa chuma ndani ya kazi hizi: silaha zina majina yake ya kweli, mlio wa slaidi umetengenezwa kwa mapenzi, na mtu anaweza kuipenda bastola kama wengine wanavyopenda saa za mkononi. Upenzi huo una hatari yake. Lakini swali ni gemu lipi linamdanganya mtoto. Mamilioni wamejifunza kutoka kwenye zile nyingine kwamba bunduki ni kidole kirefu kinachofika mbali, haikwami, haisahau, haimgeukii mwenyewe. Receiver 2, iliyotoka Aprili 2020, ilikwenda kinyume na hayo kwa makusudi. Baadhi ya kanda zake zinazungumzia usalama wa silaha na ajali za watu walioamini bastola ni tupu. Maganda hukwama yamesimama kwenye tundu la kutokea, risasi mbili hugombania chemba moja, na kila kasoro ina tiba yake na si ya jirani yake. Na liko jambo moja ambalo wageni wengi hukutana nalo mapema, chumba kikiwa kitupu, hakuna taa nyekundu wala mlio wa kitu kinachoruka. Mchezaji anaona hatari imepita, anabonyeza kitufe cha kuirudisha bastola kwenye ala ya kiunoni, harakaharaka, bila kufunga loki wala kulaza nyundo. Mlio unasikika karibu sana, na risasi imo mguuni mwake.