Seli Shina za Mnyoo wa Kichocho na Maji ya Ukerewe

Kaya nyingi za Nansio, kisiwani Ukerewe, na vijiji vinavyoizunguka huishi kwa Ziwa Victoria: watu huchota maji humo, hufua, huoga, huvua. Humo humo wamo konokono wa jenasi Biomphalaria, wanaolea mnyoo wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Watoto wa shule hugawiwa dawa ya prazikwanteli, na baada ya muda wengi hukutwa tena na mayai kwenye kinyesi.

Tumezoea kusema wanaugua tena kwa sababu wanarudi majini. Ni kweli, lakini haitoshi. Mnyoo mwenyewe ana uwezo ambao mjadala wetu wa afya ya jamii haujaupa uzito unaostahili. Mwaka 2013 watafiti James Collins, Phillip Newmark na wenzao walionyesha kwamba mnyoo mpevu ana seli shina zinazoendelea kugawanyika mwilini mwake. Tafiti zilizofuata zikabaini kwamba nyingi kati ya seli zinazozaliwa hubobea kuwa ngozi ya nje, ile inayooga katika damu yetu na kukabiliana na kinga ya mwili. Ngozi hiyo hujengwa upya kutokea ndani, na hapo pengine ndipo ilipo siri ya mnyoo kuishi kwa miaka mingi, wengine zaidi ya 30, jike akitaga mamia ya mayai kila siku. Mayai yanayonasa kwenye ini huacha makovu. Makovu hayo ndiyo huwafikisha watu wa visiwani Hospitali ya Bugando jijini Mwanza wakitapika damu.

Ndani ya konokono pia kazi ni ya seli shina: lava mmoja anayeingia huzalisha maelfu wanaotoka.

Prazikwanteli huvuruga kalsiamu ya mnyoo, misuli ikakakamaa na ngozi ikaharibika. Minyoo wachanga haiwaui ipasavyo. Hao hukua na kuanza kutaga. Ndiyo maana naona uzito mkubwa katika kazi ya mwaka 2020, ambapo kundi la Collins lilizima jeni za mnyoo zaidi ya 2,000, moja baada ya nyingine, kutafuta zile ambazo mnyoo hawezi kuishi bila hizo, ili ziwe shabaha za dawa mpya.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa haya imetokana na ukoo wa minyoo wenye asili ya Puerto Rico, uliofugwa maabara kwa miongo mingi. Minyoo wa Afrika Mashariki wana utofauti mkubwa zaidi wa jeni. Shabaha iliyochaguliwa kwa ukoo mmoja lazima ipimwe kwa minyoo wa Ukerewe kabla hatujaahidiwa dawa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, na chuo kikuu cha Bugando wana uzoefu mrefu wa kichocho. Serikali, kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iwape vifaa na wataalamu wa kusoma seli za minyoo wa ziwa letu, na fedha hizo zisichotwe kwenye fungu la vyoo na maji ya bomba visiwani.